Njia ya Mbwa

Kabla ya mbwa, andika wazazi. Baba yangu alizaliwa Gare, katika nyumba iliyokuwa chini kidogo ya misheni, akalima viazi na maharage mpaka siku aliyojilaza akasema kwamba amechoka. Mama yangu alizaliwa Mlalo, akaja Gare kwa kuolewa, na hakurudi kwao isipokuwa kwa misiba na harusi. Majina yao unayafahamu. Usiyaandike hapa, kwa sababu habari hii ni ya mbwa, na sitaki jina la baba yangu lisomwe katika ukurasa mmoja na mbwa. Mimi nami nilizaliwa Gare, wakati wa Mwingereza. Kaka zangu walipelekwa shule, mimi nikabaki na mbuzi. Kwa hiyo kalamu ni yako na maneno ni yangu. Usiongeze lako, wala usinipambe.

Juzi uliniuliza kwa nini nimemkatalia baba yako kunijengea ngazi za saruji kutoka jikoni hadi shambani, ilhali nyonga zinaniuma na kila mtu anaona ninavyotembea. Nilikujibu kwamba jibu lake ni refu. Leo mvua imetuzuia ndani. Kaa, uandike.

Nilipoolewa nililetwa huku juu ya Irente, kwa watu ambao nyumba yao iko chini, shamba liko juu ya nyumba, na msitu uko juu ya shamba. Kutoka nyumbani hadi shambani palikuwa na njia moja tu, nayo ilipanda moja kwa moja, kwa vidato vilivyochongwa kwenye udongo. Watu wa mlima huu tulijivunia kupanda hivyo. Aliyezunguka tulimwita mgeni, au mzee.

Babu yako alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja. Bendera ilipobadilishwa, mzungu yule alikaa kwanza akitazama hali, kisha akauza ng'ombe na kufunga masanduku. Mbwa wake alikuwa amezaa. Ilikuwa aina ile kubwa ya masikio yaliyosimama, ambayo mgongo wake umeteremka kuelekea mkiani kama paa la banda. Watoto wote waligawiwa mabwana wa mjini Lushoto, akabaki jike mmoja ambaye hakuna aliyemtaka, kwa sababu alitembea akitikisa kiuno. Babu yako akamtia ndani ya koti akaja naye.

Mama mkwe wangu alikuwa mlangoni akichambua maharage. Alikuwa mjane, na nyumba ilikuwa yake kwa kila neno.

"Umeniletea nini?"

"Mbwa, mama."

"Ninaona ni mbwa. Ninauliza atakula nini."

"Atakula tunachokula."

"Basi atakuwa maskini kama sisi. Mwingize, baridi itamuua."

Jina alilopewa na yule mzungu lilitushinda kutamka, nasi hatukuona haja ya kumpa jingine. Tulimwita kwa mluzi. Alikua haraka mno. Kabla ya mvua za pili kufika, alikuwa akisimama mlangoni nyumba inaingia giza. Wageni walipiga hodi wakiwa bado barabarani.

Lazima ueleze wasomaji wako kwamba hapa kwetu adui wa mahindi ni nyani, na nguruwe mwitu baada yake. Kabla ya mbwa huyu, wanawake tulikuwa tunashinda shambani kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia, tukigonga debe mpaka mikono inakufa ganzi, na nyani wakatuzoea kama wanavyozoea upepo. Mbwa alipoanza kazi, debe lilirudi jikoni kuchotea maji. Sauti yake ilikuwa nene, ikigonga ukingo wa bonde na kurudi, hivi kwamba nyani walidhani mbwa ni wawili. Niliweza kukaa dunguni nikasuka ukili kwa utulivu. Nakumbuka miaka ile kama miaka mizuri, nami si mtu wa kusifu miaka.

Kisha lilikuja Azimio, na baada yake shamba la ujamaa. Kipande chetu cha juu, kilichopakana na msitu, kiliunganishwa na vya majirani likawa shamba la kijiji. Hatukupinga. Mbwa naye akawa mlinzi wa kijiji kizima, na wakati wa mavuno tulipewa kikapu cha mahindi kwa ajili yake. Katika mlima wote huu hakuna mbwa mwingine aliyepata kulipwa.

Ugonjwa wake haukuanza siku moja. Kwanza aliacha kukaa kama mbwa wanavyokaa. Akawa anakaa upande, mguu mmoja ameutupa nje. Halafu alipokimbia aliiunganisha miguu ya nyuma, akaruka nayo kama sungura. Baridi ya Julai ilipoingia, ukungu ukalala mpaka mchana, yeye aliinuka kwa miguu ya mbele, akangoja, kisha akaivuta ya nyuma kama mtu anayevuta gunia. Kucha zake za nyuma zilikwaruza sakafu. Mapaja yakasinyaa huku kifua kikipanuka, ukimtazama kwa mbele ni simba, ukimtazama kwa nyuma ni mbuzi wa ukame.

Kwetu, mtu aliyedhoofika haulizwi panapouma. Analishwa. Mzazi analishwa, mgonjwa wa homa analishwa, na aliyefiwa analishwa mpaka aache kulia. Mama mkwe alimtazama mbwa akasema, "Huyu ana njaa ya mifupa," akaanza kazi. Alimpikia makande yenye mafuta. Alimpa supu ya kichwa cha mbuzi. Ng'ombe alipozaa, yale maziwa mazito ya kwanza, dang'a, ambayo hata babu yako aliyaomba kwa adabu, yaliingia katika bakuli la mbwa. Mbwa alinenepa akang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta, na kadiri alivyonenepa ndivyo miguu ilivyomkatalia. Nasi tulipoona miguu inakataa, tukaongeza chakula.

Siku moja alijaribu kupanda vidato, akafika katikati, miguu ya nyuma ikapotea. Alibingirika akaja kugota kwenye mlango wa jiko. Hakuumia sana, lakini tangu siku hiyo alifika kwenye kidato cha kwanza, akatazama juu, akalala. Nyani hawakuchelewa kupata habari. Waliingia shamba la kijiji wakang'oa mimea michanga mstari kwa mstari.

Mwenyekiti wa kijiji akaja. Alikuwa kijana wa hapa hapa kwetu, mwenye sauti ya mikutano hata akiomba chumvi.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na njaa au na maneno?"

"Nimekuja na maneno ya kamati." Akamtazama mbwa aliyelala juani, tumbo limejaa. "Mama, siasa yetu inasema, asiyefanya kazi na asile."

"Mbwa ameingia siasa lini?"

"Siku alipoanza kula mahindi ya kijiji."

Mama mkwe akalivuta bakuli la mbwa karibu na mguu wake. Mwenyekiti akaendelea kwa sauti ya chini, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Kamati ilikuwa imekata shauri. Mahindi yakitoa mbelewele na mbwa hajarudi shambani, mgambo atakuja na bunduki, na kijiji kitatafuta mbwa wengine, wadogo, wa kienyeji, wenye miguu. Mahindi wakati huo yalikuwa yananifika gotini.

Alipoondoka, mama mkwe alimwongezea mbwa ugali.

Haikupita muda, bwana mifugo akapanda kuja kuchanja ng'ombe. Alipomaliza nilimwomba aje nyumbani anywe chai, na chai ilikuwa kisingizio. Alikuwa kijana mwembamba mwenye buti za mvua. Alimlaza mbwa ubavu, akashika paja kwa mkono mmoja na kuweka mwingine juu ya nyonga, akaunyoosha mguu taratibu kwenda nyuma. Mbwa alilia. Nami nilisikia kitu ndani kikigonga.

"Umesikia, mama?" akaniambia. "Mfupa wa paja unapaswa kukaa katika nyonga kama mchi unaotosha kinu chake. Huyu kinu chake ni kipana, mchi unacheza ovyo. Alizaliwa hivyo. Mbwa hawa wakubwa wengi wanazaliwa hivyo."

"Dawa yake?"

"Ya kumpa nyonga mpya sina. Lakini anaweza kutembea miaka mingi bado, mkinisikiliza. La kwanza, mpunguzieni chakula kiwe nusu."

Mama mkwe alikuwa nyuma yake. "Kijana, kunyima ulisomea wapi?"

"Morogoro, bibi," akajibu kwa heshima, na babu yako akageuka ukutani asionekane akicheka. "Uzito huu wote unakalia kiungo kibovu. Mnampenda mpaka mnamlemaza. Mpeni nusu. Atembee kidogo kila siku, asilale tu, maana nyama ya paja ndiyo itakayoshika kile ambacho mfupa hauwezi. Alale pakavu penye joto. Asiruke, na vidato vile asivipande tena."

"Shamba liko juu ya vidato," nikasema.

"Basi mchimbieni njia ya kuzunguka, yenye mteremko mdogo."

Alipotamka hayo, mama mkwe aliingia ndani akafunga mlango.

Wewe hukuwapo, na baba yako hakuwapo, kwa hiyo acha nieleze. Mwingereza alikuwa ametulazimisha kuchimba matuta kukingama mlima, kila nyumba kipande chake. Udongo mzuri ulifukiwa, ule mwekundu usiozaa ukaja juu, na asiyechimba alipelekwa bomani. Baba mkwe wangu alikataa. Alifungwa, akarudi na kikohozi, na kikohozi ndicho kilichomzika. Mama mkwe aliapa kwamba katika ardhi ya mumewe jembe halitakingama mlima tena maadamu yeye anapumua. Mahindi yetu yalipandwa kwa mistari iliyoshuka moja kwa moja, na kila mvua iliondoka na kiasi chake cha udongo, na hakuna aliyethubutu kusema.

Nilianza kuchimba bila kuaga, nikidhani kwamba njia si tuta. Nilikuwa nimefika mbali kiasi cha kutupa jiwe alipokuja akasimama juu ya udongo ule mpya, miguu peku.

"Fukia."

"Mama, ni njia tu."

"Fukia, nimesema."

Nikafukia. Mke wa mwana habishani.

Ikabaki kumbeba. Nilichukua mbeleko yangu, ambayo wakati huo haikuwa na mtoto, nikaipitisha chini ya tumbo la mbwa mbele ya mapaja, nikashika ncha zote mbili juu kama mtu anayeshika kikapu. Babu yako alitangulia akimwita kwa mluzi, mbwa akapanda kwa miguu yake ya mbele, mimi nikawa miguu ya nyuma. Wifi yangu, dada wa babu yako, alikuwa shambani kwake upande wa pili, na mdomo wake ulikuwa na miguu minne mizima.

"Hongera, wifi! Umejifungua salama? Mtoto amefanana na nani?"

"Amefanana na shangazi yake," nikamjibu huku nikihema. "Naye hanyamazi."

Bonde zima lilicheka, na mama mkwe, aliyekuwa anatazama akiwa chini, nilimsikia akicheka pia. Lakini kicheko kilinilegeza mikono. Mbwa akayumba, nikateleza, tukashuka sote vidato kadhaa, mimi chini na mbwa juu. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama juu yangu akitetemeka miguu ya nyuma, akinilamba matope usoni, wala hakujaribu kuondoka kwenda kujihurumia.

Mama mkwe aliacha kucheka.  Kisha alikwenda zizini, akafungua ng'ombe, akashika fimbo, akamswaga kupanda mlima kupitia kando ya vidato. Andika hapa vizuri, kwa maana ndiyo sababu ya habari yote.

"Chukua jembe," akaniambia. "Mtazame anapokanyaga."

Ng'ombe hapandi mlima moja kwa moja isipokuwa kwa kipigo. Alikata kushoto taratibu, akachuma jani, akafika kwenye kisiki, akageuka kulia, akaenda mpaka penye jiwe bapa, akageuka tena. Nami nilikuwa nyuma yake nikitia alama ya jembe kila palipoachwa kwato. Mama mkwe alitembea pembeni, akisema kwa sauti ya kutosha kusikika ng'ambo:

"Hili si tuta la Mwingereza. Hii ni njia ya ng'ombe wangu, na ng'ombe wangu hakuhudhuria baraza la mtu."

Wifi hakuweza kuiacha ipite. "Mama! Mkoloni alituchimbisha kwa kiboko, mbwa wake anatuchimbisha kwa kutikisa mkia!"

"Njoo na jembe lako," mama mkwe akamjibu, "au nikutikisie wewe."

Akaja. Tulichimba sote, babu yako akaweka mawe upande wa chini, na mahali pa kugeukia tukapasawazisha ili mbwa apumzike. Chakula nacho kilipungua. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekuwa anapakua ile nusu, nami nilimwona kila mara akigeuza uso pembeni anapoweka bakuli chini, kana kwamba anamtolea mgeni maji matupu. Mbwa alilamba bakuli, akalitazama, akamtazama yeye. Siku za mwanzo mama mkwe alikuwa anakwenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka yaishe.

Tulimpandisha mbwa asubuhi baada ya jua kukausha umande. Kwanza alifika kisikini na kurudi. Baadaye alifika kwenye jiwe. Mbeleko nilikuwa naishika chini ya tumbo lake, na kila siku niliisikia nyepesi zaidi, mpaka siku moja nikagundua ninamfuata nikiwa nimeshika nguo isiyobeba kitu. Mahindi yalikuwa yananipita kichwani.

Mbelewele zilitoka. Mwenyekiti alikuja na mgambo na bunduki yake, wakapanda kwa vidato, kama wanaume. Walimkuta mbwa amelala juu ya gunia chini ya dungu, na mama mkwe ameketi kando yake akipukuchua maharage. Mimi nilikuwa nimesimama, nami sikumbuki mikono yangu niliiweka wapi.

"Mama," mwenyekiti akasema, "nilikuambia."

"Uliniambia arudi shambani. Hapa ni wapi?"

"Amerudi kulala."

Nyani hawakujua kwamba palikuwa na kikao. Dume mmoja alishuka kutoka msituni, wengine nyuma yake, wakaingia mstari wa mwisho. Mbwa aliinua kichwa. Aliinua miguu ya mbele. Akangoja. Mwenyekiti akafungua mdomo.

"Subiri," mama mkwe akasema. "Hata wewe asubuhi huinuki kwa mara moja."

Miguu ya nyuma ikaja. Mbwa hakukimbia, na tangu siku hiyo sikumwona akikimbia tena. Alitembea polepole ukingoni mwa shamba, kiuno kikiyumba, akabweka ile sauti yake iliyokwenda bondeni na kurudi. Dume lile lilisimama. Lilisikia mbwa wawili. Likageuka, na wote wakaliandama, na majani ya msitu yakajifunga nyuma yao.

"Lakini anachechemea," mgambo akasema.

"Nyani hamwulizi mbwa habari za nyonga," mama mkwe akamjibu.

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika mti wa dungu. "Haya. Kwa niaba ya kamati, mbwa ale."

"Kidogo," mama mkwe akasema.

Wakateremka kwa njia mpya, mgambo na bunduki yake mbele, nami niliwaona wakigeuka kisikini kama ng'ombe.

Mbwa yule aliishi bado miaka mingi, mpaka shamba la ujamaa likagawanywa tena kwa wenyewe bila mtu kutangaza. Baridi ilipozidi alilala jikoni karibu na majivu, na katika siku zake za mwisho niliifungua mbeleko tena kumsaidia kutoka nje, kwa kuwa alikuwa na haya na hakutaka kuchafua ndani. Alikufa mchana wa jua, amelala kwenye jiwe bapa. Tulimzika pale pale juu ya kona. Watu wa jirani wanaiita Njia ya Mbwa mpaka leo, na wengi hawajui kwa nini. Mama mkwe naye alipozeeka aliipanda hiyo hiyo, akipumzika palepale, akidai kila mara kwamba ni ya ng'ombe.

Pia utaandika kwamba mvua zilipokuja, udongo wa juu ya njia ile haukuondoka. Mama mkwe aliuona. Mwaka uliofuata alipanda mahindi yake kwa mistari iliyokingama mlima.

Sasa ya kutunza. Kila mwaka kabla ya masika usafishe mfereji wa upande wa juu, na upande wa chini uoteshe majani ya ng'ombe yashike mawe. Pakibomoka, usipime kwa kamba. Mswage ng'ombe umtazame anapokanyaga. Jiwe bapa lisiondolewe, hata akija mtu wa kununua mawe. Mimi ninalikalia kila asubuhi, na nyonga zangu zinaridhika. Mbeleko iko kwenye sanduku, chini ya shuka za kanisani. Baada ya mbwa ilimbeba baba yako. Nilikuwa nimeifua, lakini usimwambie ilianza na nani, mwache asome mwenyewe. Na saruji yake aipeleke zizini, sakafu ya kule inahitaji.

Mvua imepungua. Funga daftari, umtoe ng'ombe, na ukipanda naye usimpige.